Wasomaji Wanauliza: Njaa ya Nyuki na Kilo ya Sukari

Barua zilizotufikia kutoka Bukavu mwezi huu ni nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinazungumzia jambo moja: kiangazi kimekausha maua, mizinga iliyo nyuma ya nyumba imekuwa myepesi, na wenye nyuki wanauliza kama sukari ya dukani inaweza kuwavusha nyuki wao hadi mvua zirudi. Tumechagua barua sita na kuzifupisha bila kugusa maana yake.

Swali kutoka Nguba, Ibanda

Jambo kwenu. Nina mzinga mmoja wa Kikenya (ule wa vibao vya juu) nyuma ya nyumba yetu, kati ya mti wa avoka na ukuta wa jirani. Mwanzoni mwa mwezi wa sita tulivuna masega yote yaliyokuwa na asali, kwa sababu dada yangu alikuwa anaolewa na wageni walikuwa wengi. Sasa tuko mwishoni mwa mwezi wa nane. Nikiuinua mzinga upande mmoja nauona hauna uzito wowote, na kila asubuhi nakuta chini ya mlango nyuki waliokufa na wengine wanaotambaa bila nguvu. Rafiki yangu ameniambia nichanganye sukari na maji. Nichanganye kiasi gani, nichemshe au nisichemshe, na niwawekee wapi?

Jibu

Kabla ya kununua sukari, hakikisha kwanza kwamba kinachowaua nyuki wako ni njaa. Nyuki waliokula sumu, kwa mfano baada ya jirani kupulizia dawa kwenye nyanya zake, huanguka kwa wingi ndani ya siku moja au mbili hata kama mzinga bado ni mzito kwa asali. Wenye njaa hupungua polepole, na ukifungua mzinga utawakuta baadhi yao wamekufa wakiwa wamezamisha vichwa ndani ya vitundu vya sega, mikia tu ikionekana, kwa kuwa walikuwa wakilamba mabaki ya mwisho. Alama nyingine ni majana meupe yaliyotupwa nje, kwani kundi linalokosa chakula huacha kulea na huwatoa watoto ambao haliwezi kuwalisha. Fungua mzinga alasiri inapoelekea jioni, kwa moshi kidogo, ukianzia upande ulio tupu na kusogeza vibao vya juu kimoja kimoja. Huna haja ya kulipekua kundi zima. Ukifika kwenye sega la kwanza lenye majana, ukaona kwamba juu yake hakuna ule ukanda wa asali iliyozibwa kwa nta, basi rafiki yako amekushauri vyema.

Kipimo ni kilo moja ya sukari nyeupe kwa lita moja ya maji, nayo yatakupa zaidi kidogo ya lita moja na nusu. Mchanganyiko huo unakaribia nekta ya maua, na nyuki huunywa haraka bila kulazimika kutafuta maji mengine ya kuupunguza makali. Chemsha maji peke yake kwenye mbabula (jiko la makaa), yaepue, ndipo umimine sukari na kukoroga mpaka uone chini ya sufuria bila ukungu wowote, na baada ya hapo usiirudishe sufuria motoni. Sukari inapoungua, hata kidogo tu, hutengeneza vitu ambavyo tumbo la nyuki haliwezi kuvimudu, na kundi lililokuwa na njaa hujikuta pia na ugonjwa wa kuhara. Wapo wanaoniuliza kama maji ya Bukavu, ambayo huchemka karibu na digrii 95 kwa sababu mji uko kwenye kimo cha takriban mita 1,500, yanafaa kwa kazi hii. Yanafaa kabisa; sukari huyeyuka hata katika maji ya vuguvugu, na kuchemsha ni kwa ajili ya usafi wa maji tu. Yaache yapoe mpaka tone likianguka juu ya mkono usilihisi kuwa la moto wala la baridi.

Chombo cha kuwalishia ndicho kinachowashinda wengi. Chukua chupa ndogo ya kioo yenye mdomo mpana, ile ya kahawa au ya jamu, isiyozidi nusu lita, na utoboe kifuniko chake matundu matano au sita kwa msumari mwembamba kuliko yote ulio nao. Toboa kutoka nje kwenda ndani, ili kingo kali za bati zibaki upande wa ndani zisiwakwaruze nyuki ndimi na miguu. Ijaze chupa hadi juu, uifunge sawasawa, kisha uipindue kwanza juu ya ndoo: yatadondoka matone machache, halafu yatakoma yenyewe, kwa sababu hewa haiingii tena. Yasipokoma, matundu yako ni makubwa mno na chupa hiyo itawalowesha nyuki usiku kucha. Weka chupa iliyopinduliwa juu ya vijiti viwili vyembamba ndani ya mzinga, katika sehemu iliyo tupu karibu na sega la mwisho, ukiacha nafasi ya nyuki kupita chini ya kifuniko na kulamba. Chupa kubwa inayobaki nusu tupu haifai, kwani hewa iliyomo hutanuka mchana na kuyasukuma maji nje. Kama huna chupa, tumia sahani yenye kina kifupi iliyojazwa mabua au vijiti vikavu hadi sehemu ya maji isionekane sana. Nyuki asiyekuwa na pa kusimama huzama, na asubuhi utahesabu maiti badala ya walioshiba.

Walishe jua linapozama, si mchana. Siku hiyohiyo punguza mlango wa mzinga kwa kipande cha mti hadi ibaki nafasi ya nyuki wawili au watatu kupita kwa pamoja, kwa kuwa kundi dhaifu lenye chakula kinachonukia ndilo linalotafutwa na majirani zake. Anza na nusu lita. Ikiisha kufikia asubuhi, rudia jioni inayofuata, na uendelee hivyo kwa wiki moja au zaidi kidogo, ukitazama kama vitundu vilivyo juu ya majana vinaanza kung'aa kwa akiba. Yakibaki kwa siku mbili bila kunywewa, yamwage na uoshe chupa, kwa sababu maji mepesi ya sukari huchacha upesi. Pua ya mtu wa Bukavu itatambua harufu ya kasiksi (pombe ya ndizi) changa bila kufundishwa.

Kumbuka pia kwamba sukari ni nguvu tu. Majana hukua kwa chavua, na sukari haina hata chembe ya kile kinachojenga mwili. Kaa kando ya mlango asubuhi jua likianza kuwaka uangalie miguu ya nyuma ya nyuki wanaorudi: wakibeba vidonge vya njano, vyeupe au vya rangi ya chungwa, basi wanaipata mahali fulani, pengine kwenye kaliandra, mubirizi au yale maua ya njano ya tithonia yanayojiotea kando ya barabara. Wasipobeba chochote kwa siku kadhaa, usitarajie malkia ataendelea kutaga kwa sababu tu umemnunulia sukari.

Nitasema jambo moja ambalo pengine hukuliuliza. Nyuki wako hawakupatwa na njaa kwa sababu ya kiangazi pekee, kwa maana kiangazi huja kila mwaka mwezi wa sita na nyuki wa milima hii walikuwa wakikijua kabla ya sisi kujenga Nguba. Walikuwa wamejiwekea akiba, na akiba hiyo ikaliwa harusini. Mavuno yajayo yakikukuta karibu na kiangazi, acha masega kadhaa ya asali iliyozibwa yaliyo jirani na majana, uchukue yale ya mbali tu. Hata sukari nyeupe kabisa haichukui nafasi ya masega hayo, kwa kuwa asali ina madini, vimeng'enya na asidi zake ambazo dukani hazipimwi kwa kilo.

Swali kutoka Panzi

Mimi ni mwalimu, na mshahara wangu mnaujua. Je, naweza kutumia sukari ya kahawia, maji ya miwa, soda iliyobaki, au asali ya zamani niliyonunua sokoni? Na ni kweli kwamba lazima nitie limau?

Jibu

Sukari ya kahawia ina mabaki ya molasi, ambayo nyuki hawezi kuyameng'enya vizuri. Katika nchi za baridi, ambako nyuki hufungiwa ndani miezi mingi bila kutoka kujisaidia, sukari hiyo huweza kuliangamiza kundi. Kwetu nyuki hutoka karibu kila siku, kwa hiyo madhara ni madogo zaidi, lakini kama nyeupe inapatikana chagua nyeupe. Maji ya miwa huchacha kabla hayajanywewa yote. Soda iache kabisa.

Asali ya sokoni ndiyo ninayoikataa kwa nguvu zaidi, ingawa inaonekana ndicho chakula cha asili. Hujui imetoka katika mzinga gani. Uko ugonjwa wa majana unaosababishwa na bakteria, ambao wataalamu huuita kuoza kwa majana kwa Kimarekani, na mbegu zake huishi ndani ya asali na masega makavu kwa miaka zaidi ya 40 zikingoja kuingia tumboni mwa jana. Nchini Afrika Kusini uligunduliwa katika Western Cape mwaka 2009, na tangu hapo wafugaji wa huko wamelazimika kuteketeza mizinga. Asali ya mzinga wako mwenyewe, ulio mzima, haina tatizo hilo.

Kuhusu limau: si lazima, na likichemshwa pamoja na sukari linadhuru. Asidi na joto huigeuza sehemu ya sukari kuwa kemikali ambayo maabara huiita HMF kwa kifupi, nayo ni sumu kwa nyuki ikizidi. Nyuki ana kimeng'enya chake cha kuigawa sukari ya kawaida kuwa sukari mbili nyepesi, kwa hiyo hahitaji limau lako limsaidie. Litumie kwenye samaki.

Swali kutoka Kadutu

Mimi ni mama wa nyumba. Mume wangu ana mizinga miwili juu ya paa la choo chetu, na nyumba huku zimebanana, ninyi mnajua. Tangu alipoanza kuweka sinia la maji ya sukari uani, nyuki wamejaa jikoni kwangu, wameingia kwa jirani anayeuza kasiksi, na Jumapili walimuuma mtoto wake mara nyingi. Mbele ya mzinga mmoja nyuki wanapigana na kuanguka chini. Mume wangu anasema watazoea. Je, ni kweli?

Jibu

Hawatazoea, Mama. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, mwombe Papa wa nyumbani aliondoe sinia hilo na kuosha mahali lilipokuwa.

Nyuki aliyepata chakula hurudi mzingani na kuwaarifu wenzake kwa kucheza juu ya sega. Mwanasayansi wa Austria, Karl von Frisch, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, ndiye aliyetufafanulia michezo hiyo. Chakula kikiwa mbali, mchezo huonyesha upande na umbali. Kikiwa karibu sana, nyuki huzunguka duara tu, maana yake ni kwamba kitu kitamu kipo hapa jirani, kitafuteni kwa kunusa. Sinia la mume wako liko hatua chache kutoka kwenye mizinga, kwa hiyo maelfu ya nyuki wametoka kutafuta utamu bila kujua uko upande gani, nao wameingia popote penye harufu tamu: sufuria ya chai yako, mabidoni ya kasiksi ya jirani, mdomo wa mtoto aliyekuwa akila muwa. Pamoja na hao wamekuja nyuki wa mizinga ya watu wengine, kwa maana sinia la wazi halina mwenyewe.

Mapigano unayoyaona ni uporaji. Sukari ya siniani ilipokwisha, kundi lenye nguvu lilianza kuingia kwa lile dhaifu. Waporaji utawatambua kwa jinsi wanavyoyumba mbele ya mzinga kulia na kushoto wakitafuta upenyo, na kwa miili yao inayong'aa kwa weusi kwa sababu manyoya yamesuguliwa katika vita. Mzinga unaoporwa upunguziwe mlango hadi apite nyuki mmoja tu, nyufa zake zizibwe kwa udongo, na mbele ya mlango yawekwe majani mabichi yaliyoloweshwa, ambayo wenyeji wa mzinga watajifunza kuyapenya lakini waporaji watayaona usumbufu. Asifungue mzinga wowote wala asimpe nyuki yeyote sukari kwa siku tatu au nne. Baada ya hapo, kama bado kuna njaa, alishe mizinga yote miwili jioni moja, kwa chupa zilizo ndani, kama tulivyomweleza msomaji wa Nguba.

Mtoto aliyeumwa atolewe miiba haraka kwa kukwangua kwa ukucha. Akivimba midomo, akikohoa au akihema kwa shida, asisubiri dawa ya nyumbani, apelekwe hospitali mara moja. Na hata kama amepona, nendeni kwa jirani na chupa ya asali kabla hajaja kwenu na wazee wa avenyu.

Jambo la mwisho mume wako hatalipenda. Nyuki wetu wa Afrika hulinda makao yao kwa ukali unaojulikana duniani kote, na katika kiwanja kilichobanana kama vile vya Kadutu, mizinga miwili juu ya paa la choo ni mingi kwa miwili. Kama kuna ndugu mwenye shamba Kabare au Walungu, mizinga ihamishiwe huko usiku, milango ikiwa imezibwa kwa wavu unaopitisha hewa. Umbali uzidi kilomita tatu au nne, la sivyo watafutaji chakula watarudi juu ya paa lako kesho yake na kukuta hawana nyumba.

Swali kutoka Bagira

Wiki hii kundi la nyuki lilitua kwenye mwembe wetu, nikaliingiza katika mzinga mpya wa fremu. Wenzangu wanasema niwape sukari usiku uleule ili wasihame. Mwaka jana kundi jingine lilikaa siku chache tu likaondoka. Nifanye nini?

Jibu

Kundi linalogawanyika kutoka mzinga wenye neema, wakati wa maua, husafiri likiwa limejaza asali tumboni, na halihitaji kitu kwa siku mbili tatu. Kulipa sukari usiku wa kwanza ni kuwaita siafu tu. Lakini la kwako limekuja mwishoni mwa kiangazi, na kwa kipindi hiki ninashuku kwamba halikugawanyika bali lilihama kwa njaa. Nyuki wa Afrika huacha makao yao yote, masega na majana, pakikosekana chakula, jambo ambalo wale wa Ulaya hulifanya kwa nadra sana. Kundi la namna hiyo huwa dogo, na ukimshika nyuki wake utaona tumbo jembamba. Hilo lilishe mapema, jioni ya kwanza au ya pili.

Sukari itawasaidia hasa kujenga. Nta haitoki kwenye maua. Hutoka katika tezi zilizo chini ya tumbo la nyuki kijana, naye huitengeneza kutokana na sukari anayoila. Zaidi ya miaka 200 iliyopita François Huber wa Geneva, mtafiti aliyekuwa kipofu na kumtegemea msaidizi wake amwonee, aliwafungia nyuki ndani na kuwapa asali au sukari peke yake, nao wakajenga masega. Gharama yake ni kubwa, kwani hesabu inayotajwa mara nyingi ni kilo sita hadi nane za asali kwa kilo moja ya nta. Kundi lisilo na sega hata moja, wakati ambapo maua ni haba, haliwezi kuilipa gharama hiyo peke yake. Wape kilo kwa lita, nusu lita kila jioni, hadi fremu nne au tano ziwe na masega.

Sukari, hata hivyo, si kamba ya kuwafungia. Wakiudhiwa na harufu ya rangi mbichi, jua la mchana au siafu, wataishiba sukari yako na kuondoka nayo. Miguu ya meza ya mzinga isimame ndani ya makopo yenye mafuta mazito, nayo makopo yafunikwe ili mvua isiyajaze na nyuki wasizame. Na kama jirani mfugaji atakubali kukupa fremu moja yenye majana machanga kutoka mzinga ulio mzima, hiyo ina nguvu kuliko magunia ya sukari, kwa sababu nyuki huona vigumu kuwaacha watoto walio hai.

Swali kutoka Nyawera

Ninauza asali sokoni, naipata kwa wafugaji wa kandokando ya hifadhi ya Kahuzi-Biega na kwa wachache wa mjini. Siku hizi wateja wananiambia asali ya mjini ni ya sukari. Nina maswali mawili: nyuki akilishwa sukari, anachotengeneza ni asali au si asali? Na mfugaji mmoja ananiambia kulisha kunaongeza mavuno, kwa hiyo nimkopeshe pesa za sukari. Nimkopeshe?

Jibu

Usimkopeshe. Mtu huyo anakuomba mtaji wa kutengeneza bidhaa bandia, ingawa huenda yeye mwenyewe haioni hivyo.

Nyuki anayepewa maji ya sukari huyatenda kila anachoitenda nekta: huyapokezana mdomo kwa mdomo, huyagawa kwa kimeng'enya chake, huyapunguza maji kwa kupepea mabawa, kisha huyaziba kwa nta safi. Ukilikata sega hilo utaona kitu kinachong'aa, kizito, kitamu, na mteja wako hatajua. Hata hivyo si asali. Kanuni za Codex Alimentarius, chombo cha FAO na WHO, ambazo kiwango chake cha asali kilipitishwa mwaka 1981, zinaeleza kwamba asali hutokana na nekta ya mimea, au majimaji ya mimea hai na ya wadudu wanaoifyonza, na haziruhusu kuongezewa kitu kingine. Zinataka pia maji yasizidi asilimia 20, na sukari ya kawaida isiyogawanywa isizidi gramu 5 katika kila gramu 100.

Kipimo hicho cha mwisho kinaweza kudanganywa, kwa kuwa nyuki mwenyewe ameshaigawa sukari. Kisichodanganyika kwa urahisi ni kaboni. Muwa na mahindi huijenga sukari yake kwa njia tofauti na ile ya miti na maua mengi ya nyuki, na njia hiyo huacha kiasi kikubwa zaidi cha kaboni ile nzito, kaboni 13. Maabara yenye mashine hiyo hulinganisha kaboni ya asali na kaboni ya protini iliyomo ndani yake. Sukari ya muwa ikizidi asilimia 7, mzigo huhesabiwa kuwa umechanganywa. Mfugaji anayeota kuuza Ulaya na ajue kwamba kilo ya sukari aliyoitia kiangazi inaweza kumfuata hadi huko.

Mbinu za sokoni hazisaidii sana. Njiti ya kiberiti iliyochovywa ndani ya asali huwaka au hukataa kuwaka kutegemea maji yaliyomo, si asili yake. Siafu na sisimizi hula asali halisi na ya uongo bila ubaguzi. Asali kuganda si dalili ya sukari, ingawa najua ni wateja wangapi wanaoirudisha kwa sababu hiyo. Asali nyingi halisi huganda, hasa katika baridi ya usiku ya kwetu, na ukiiweka chupa ndani ya maji ambayo mkono unayavumilia itarudi kuwa majimaji.

Njia yako ya kweli ni kumjua mfugaji na kumuuliza bila haya: uliwalisha lini, uliacha lini, na masega ya wakati ule yako wapi? Mfugaji mwadilifu hulisha wakati wa njaa tu, huacha maua yanapofunguka, na huviwekea alama ya mkaa vile vibao ambavyo masega yake yalijengwa au kujazwa kwa sukari. Masega yenye alama hubaki kwa nyuki wayale wenyewe. Yanayovunwa ni yale yaliyojazwa baadaye, kundi likiwa limekaa wiki kadhaa bila chupa. Mfugaji akikujibu kwa mpangilio huo, nunua asali yake hata kama mzinga uko katikati ya Ibanda, na mteja akiuliza umweleze hivyohivyo. Akibabaika, mwachie.

Swali kutoka Muhumba

Mwezi wa nne uliopita mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo na nyuki wangu hawakutoka. Je, wakati huo pia nilipaswa kuwalisha, na kwa kipimo kilekile?

Jibu

Ndiyo, kama mzinga ulikuwa mwepesi. Maua yakiwa mengi kiasi gani, nyuki asiyeweza kuruka hana faida nayo, na nekta huoshwa na mvua. Lakini kipimo kibadilishe: kilo mbili za sukari kwa lita moja ya maji. Katika hewa yenye unyevu nyuki hupata taabu kuyakausha maji mepesi, na unyevu unaobaki ndani huleta ukungu kwenye masega ya pembeni. Sukari nyingi namna hiyo huchelewa kuyeyuka, basi imimine kidogokidogo katika maji yaliyoepuliwa yakiwa bado na moto sana, na kama chembe zinabaki chini ya sufuria ongeza nusu kikombe cha maji ya moto badala ya kuirudisha kwenye mbabula. Angalia pia paa la mzinga lisivuje, na uuinamishe mzinga kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Mvua ikikatika kwa siku tatu na ukaona nyuki wanarudi kwa wingi huku chupa ikibaki imejaa hadi asubuhi, iondoe, wameshachagua maua.